Selsiasi, Farenhaiti na Kelvini: Njia Ipi ya Kubadilisha Vipimo vya Joto Inakufaa?

Usiku mmoja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa, kipimajoto mkononi, na kioo chake kikasoma 104. Kilikuwa kimewekwa katika Farenhaiti, nami nimekulia kwenye Selsiasi. Nikapiga ile hesabu ya haraka ambayo wengi tunaijua: toa 30, gawa kwa 2. Toa 30 katika 104, inabaki 74. Nusu yake ni 37. Joto la mtu asiye na ugonjwa wowote. Lakini kiganja changu kilikuwa bado kwenye paji la uso wake, na paji lilikuwa linachoma. Nikatafuta kalamu, nikarudia hesabu kwa fomula kamili: 104 toa 32 ni 72, 72 mara 5 ni 360, 360 gawa kwa 9 ni 40.

Nyuzi joto 40. Hesabu ya kwanza ilinionyesha mtoto mzima, ya pili mtoto wa kukimbizwa hospitali. Tuliondoka usiku uleule, na mtoto akapona. Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba njia fulani ya kubadilisha vipimo ni nzuri, namuuliza kwanza: nzuri kwa kazi gani? Njia zipo nyingi, na karibu zote zina mahali zinapofaa. Hapa naziweka bega kwa bega ili uchague yako ukijua inakosea wapi na kwa kiasi gani.

Hiyo 32 imetoka wapi

Ukilielewa hili, fomula haitakupotea tena. Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza skeli yake mwaka 1724. Sifuri aliipata kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, ambao huwa baridi kuliko barafu tupu. Barafu ndani ya maji yasiyo na chumvi ikaangukia 32, na joto la mwili akaliweka 96. Baadaye skeli ilirekebishwa, maji yakawekwa kuchemka kwenye 212. Kwa hiyo kutoka barafu hadi mchemko kuna hatua 180.

Anders Celsius, mtaalamu wa elimu ya nyota huko Uppsala, Uswidi, alitoa yake mwaka 1742, na safari hiyohiyo akaigawa hatua 100. Wengi hawajui kwamba yeye aliweka sifuri kwenye mchemko na 100 kwenye barafu! Skeli iligeuzwa miaka michache tu baadaye, ikawa hii tunayoitumia leo.

Hatua 180 kwa hatua 100 ni sawa na 9 kwa 5, yaani 1.8. Hatua moja ya Selsiasi inakaribia kuwa ndefu mara mbili ya hatua moja ya Farenhaiti. Ile 32 ipo kwa sababu skeli hizi hazikuanza kuhesabu mahali pamoja. Basi kubadilisha ni kazi ya mambo mawili: kurekebisha urefu wa hatua na kurekebisha mahali pa kuanzia. Kila njia hapa chini inafanya hayo mawili, nyingine kwa uangalifu, nyingine kwa haraka.

Fomula kamili

Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawa kwa 5, kisha jumlisha 32. Kurudi: toa 32 kwanza, ndipo uzidishe kwa 5 na kugawa kwa 9.

Haikosei kamwe, mradi uifuate kwa mpangilio wake. Wanaokosea, mara nyingi wamekosea mpangilio huo tu. Mtu anakumbuka kwamba kuna kutoa 32, lakini anatoa mwishoni baada ya kugawa. Jaribu kwa 104: 104 mara 5 gawa kwa 9 ni karibu 57.8, toa 32, unapata 25.8. Hakuna mtu hai mwenye joto hilo akakaa kitandani anakunywa uji. Dawa yake ni kukumbuka kwamba 32 inakaa upande wa Farenhaiti siku zote. Ukitoka Farenhaiti, iondoe kabla hujafanya lingine lolote. Ukienda Farenhaiti, iongeze ukishamaliza yote.

Ubaya wa fomula hii ni kwamba kichwani ni nzito. Kuzidisha namba kwa 5 kisha kuigawa kwa 9 huku umesimama si jambo la kila mtu, na hapo ndipo watu wanapokimbilia njia za mkato.

Mara mbili, jumlisha 30

Hii ndiyo iliyotaka kuniponza. Sikuitupa, ila nimejua mipaka yake. Selsiasi zidisha kwa 2, jumlisha 30, una Farenhaiti. Tazama inavyofanya kazi ikipangwa sambamba na jibu la kweli:

| Selsiasi | Farenhaiti ya kweli | Kwa njia hii | Kosa |
|---|---|---|---|
| −10 | 14 | 10 | 4 chini |
| 0 | 32 | 30 | 2 chini |
| 10 | 50 | 50 | hakuna |
| 20 | 68 | 70 | 2 juu |
| 30 | 86 | 90 | 4 juu |
| 38 | 100.4 | 106 | 5.6 juu |
| 100 | 212 | 230 | 18 juu |
| 180 | 356 | 390 | 34 juu |

Angalia mstari wa 10. Pale kosa ni sifuri kabisa. Njia ya mkato huwa na nyumba yake, mahali ambapo inasema kweli tupu, na kadiri unavyotoka nje ya nyumba hiyo ndivyo inavyozidi kupotea. Nyumba ya hii ni nyuzi 10 za Selsiasi, na kila ukisogea nyuzi 5 kutoka hapo, kosa linaongezeka nyuzi moja ya Farenhaiti. Kwa hali ya hewa, inatosha. Ukisikia kesho itakuwa 86 na ukakadiria 28 wakati ukweli ni 30, utavaa nguo zilezile.

Kwa mwili wa binadamu, iache. Sisemi uitumie kwa tahadhari; iache kabisa. Kati ya mtu mwenye afya na mtu mahututi kuna nyuzi tatu au nne za Selsiasi, na njia hii kwenye joto hilo imeshapoteza karibu tatu. Mbaya zaidi, ukitoka Farenhaiti inapoteza kwa kushusha: homa kali inaonekana afya.

Mara mbili, toa sehemu ya kumi, jumlisha 32

Kama ningeambiwa nichague moja ya kubaki nayo kichwani, ningechagua hii. Chukua Selsiasi, zidisha kwa 2, punguza sehemu ya kumi ya ulichopata, jumlisha 32. Kwa 37: mara mbili ni 74, sehemu ya kumi ni 7.4, inabaki 66.6, ongeza 32, una 98.6. Kwa 25: 50, toa 5, 45, ongeza 32, una 77. Haya si makadirio. Mbili ukiipunguzia sehemu yake ya kumi inabaki 1.8 hasa, kwa hiyo jibu ni lilelile la fomula, ila limepita njia ambayo kichwa kinaiweza.

Namba zikiwa chini ya sifuri, nenda polepole. Kwa −10: mara mbili ni −20, sehemu ya kumi ni −2, na ukiiondoa unasogea kuelekea sifuri, yaani −18. Ongeza 32, una 14. Wengi hapo huenda −22 na jibu linaharibika.

Kurudi Selsiasi kunahitaji hatua moja zaidi. Toa 32, chukua nusu, ongeza sehemu ya kumi ya nusu hiyo, kisha ongeza na sehemu yake ya mia. Kwa 104: 72, nusu 36, ongeza 3.6 upate 39.6, ongeza 0.36 upate 39.96. Imekaribia 40 kiasi kwamba hakuna kipimajoto cha nyumbani kitakachokuonyesha tofauti. Hata ukiishia kwenye 39.6, umeshajua ni homa kali.

Arobaini na kurudi arobaini

Njia hii haijulikani sana, na nadhani inastahili kujulikana zaidi. Skeli hizi mbili zinakutana mahali pamoja: −40. Baridi ya −40 ni −40 kokote, Selsiasi au Farenhaiti. Ukianza kuhesabu kutoka pale zinapokutana, tatizo la mahali pa kuanzia linaisha, na kinachobaki ni urefu wa hatua peke yake.

Kwa hiyo: jumlisha 40, rekebisha, toa 40. Kwenda Farenhaiti unazidisha kwa 1.8, kwenda Selsiasi unagawa kwa 1.8. Mwanzo na mwisho ni vilevile pande zote mbili. Kwa 104: ongeza 40 ni 144, gawa kwa 1.8 ni 80. Toa 40 ni 40. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kukumbuka kama 32 inatangulia au inafuata. Ukisahau uzidishe au ugawe, jikumbushe kwamba namba za Farenhaiti ndizo kubwa kwa joto lolote tunaloishi nalo. Kwa mwenye kikokotoo mkononi na asiyeiamini kumbukumbu yake, hii ni bora kuliko fomula ya shuleni.

Nguzo za kukariri

Hapa hakuna hesabu kubwa. Unakariri jozi chache na kuzitumia kama nguzo: 0 ni 32, 10 ni 50, 20 ni 68, 30 ni 86, 40 ni 104. Kila nyuzi 10 za Selsiasi, ongeza 18. Kwa katikati, nyuzi 5 ni 9. Ukitaka 23, simama kwenye 20 (68), ongeza nyuzi tatu za 1.8, yaani 5.4, una 73.4. Kwa 38, rudi nyuma kutoka 40: 104 toa 3.6, una 100.4.

Kuna jozi nyingine ambazo hukaa kichwani zenyewe kwa sababu tarakimu zake zinageuzwa tu: 16 ni karibu 61, na 28 ni karibu 82. Kosa halifiki hata nusu nyuzi. Nazipenda hizi kwa hali ya hewa kuliko ile ya kuzidisha mara mbili.

Faida kubwa ya nguzo ni kwamba zinakulinda unapotumia njia nyingine. Aliyekariri kwamba 40 ni 104 hawezi kudanganywa na hesabu inayomwambia 104 ni 37. Laiti ningekuwa nimeikariri jozi hiyo moja kabla ya usiku ule.

Oveni: gawa kwa mbili, basi

Mapishi yaliyoandikwa Marekani huja na 350 au 400. Watu huchukua ile njia ya kutoa 30 na kugawa kwa 2, wakapata 160 kwa 350, wakati ukweli ni karibu 177. Chakula kinatoka kibichi katikati na mtu anamlaumu mwandishi wa mapishi.

Kwa joto la oveni usitoe chochote. Gawa kwa 2 moja kwa moja. 300 inakuwa 150, na ukweli ni 149. 350 inakuwa 175, ukweli 177. 400 inakuwa 200, ukweli 204. Nyumba ya njia hii ni 320, ambayo ni 160 kamili, kwa hiyo inakaa katikati ya joto la kuoka. Ukipanda hadi 450 inakosea kwa nyuzi 7 (225 badala ya 232), na hapo ongeza kidogo. Nje ya oveni haina kazi yoyote: jaribu kwenye 50 ya hali ya hewa, itakupa 25 badala ya 10.

Simu, lahajedwali na programu

Ukiwa na simu, andika namba na vipimo viwili, jibu linakuja sahihi. Kwa orodha ndefu, lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel) ni rahisi zaidi: andika =A2*9/5+32 kwenye seli moja, iburute hadi chini, umemaliza vipimo mia kwa dakika moja. Kwa usahihi mashine inazishinda zote, na kwa dawa, maabara au biashara ndiyo ya kutumia.

Lakini mashine haijui unachouliza, na hapa ndipo nataka usimame nami kidogo. Umesoma kwamba joto litaongezeka kwa nyuzi 2 za Selsiasi. Unaandika 2 kwenye simu, ugeuze kwenda Farenhaiti, simu inasema 35.6. Jibu ni sahihi kwa kipimo: siku yenye nyuzi 2 za Selsiasi ina 35.6 za Farenhaiti. Kwa ongezeko ni kosa la kutisha. Ongezeko la nyuzi 2 ni ongezeko la 3.6 za Farenhaiti. Ukiwa na tofauti kati ya vipimo viwili, mahali pa kuanzia hapahusiki. Unazidisha kwa 1.8 na 32 huigusi. Kabla hujachagua njia yoyote, jiulize kama namba yako inasema joto liko wapi au limesogea kiasi gani.

Wanaoandika programu wana mtego wao. Katika lugha kama C na Java, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, desimali hutupwa. Kwa hiyo 9/5 ni 1, na 37 * (9/5) + 32 inatoa 69. Ukirudi upande wa pili ni balaa zaidi, kwa kuwa 5/9 ni 0, na kila joto duniani linakuwa sifuri. Andika 9.0/5.0, au 1.8, na ujaribu programu yako kwa 0, 100 na −40 kabla hujaiamini.

Kelvini

Kwa kubadilisha, hii ndiyo rahisi kuliko zote: jumlisha 273.15 kwenye Selsiasi. Hakuna kuzidisha, kwa sababu hatua ni zilezile, na tofauti ya kelvini 5 ni tofauti ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kutoka Farenhaiti, pita kwanza kwenye Selsiasi. Tangu mwaka 1967 hatusemi "nyuzi" za Kelvini wala hatuweki alama ya nyuzi. Tunasema kelvini 300, basi.

Nyumbani huihitaji, isipokuwa ukinunua balbu, ambapo rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. Unapotaka kusema "mara ngapi", hata hivyo, huna pa kukimbilia. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipendekeza mwaka 1848 skeli inayoanzia kwenye baridi ambayo hakuna nyingine chini yake, na leo tunajua baridi hiyo ni −273.15 za Selsiasi. Kwa sababu inaanzia kwenye sifuri ya kweli, ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayokubali kulinganisha kwa mara. Gesi iliyofungwa kwenye chupa ikitoka nyuzi 20 kwenda 40, msukumo wake hauongezeki maradufu. Imetoka kelvini 293.15 kwenda 313.15, ongezeko la asilimia 6.8 hivi. Mwanafunzi anayeingiza Selsiasi kwenye fomula za gesi anapoteza swali zima, hata kama kila hatua nyingine ameifanya vizuri.

Kuhusu ile .15: kwenye makadirio tumia 273, hakuna atakayeumia. Kwenye ripoti ya maabara, iandike.

Rankine na Réaumur nazitaja tu ili usishtuke ukizikuta. Ya kwanza ni Farenhaiti iliyoongezwa 459.67, na bado inaonekana kwenye vitabu vya uhandisi vya Marekani. Ya pili, ambayo maji huchemka kwenye 80, utaikuta kwenye maandishi ya zamani ya Ulaya. Zidisha kwa 1.25 upate Selsiasi.

Desimali zisikudanganye

Ile 98.6 inayotajwa kama joto la kawaida la mwili inaonekana imepimwa kwa umakini mkubwa. Ni 37 iliyogeuzwa. Carl Wunderlich, daktari Mjerumani, ndiye aliyeieneza 37 mwaka 1868, naye alikuwa anazungumzia wastani wa watu wengi. Ilipovuka kwenda Farenhaiti ikapata desimali ambayo haikuwa nayo, na mpaka leo mtu mwenye 99.1 anajiona mgonjwa. Kipimo kilichosomwa kwa nyuzi kamili, kigeuze kisha ukirudishe kwenye nyuzi kamili. Ila kama kuna hatua nyingine mbele, zungusha (yaani irudishe kwenye namba kamili iliyo karibu) mwishoni tu, maana kosa dogo la mwanzo hukua njiani. Hapa ninalitenga jambo moja: mpaka wa homa. Nyuzi 38 ni 100.4, na huo ni mpaka uliowekwa makusudi, si usomaji wa kifaa. Usiuzungushe.

Mimi mwenyewe natumia nini

Kwa hali ya hewa natumia nguzo. Kwa oveni nagawa kwa mbili. Kwa mgonjwa natumia simu kwanza, na kama simu haipo karibu, ile ya kutoa sehemu ya kumi, kisha nalinganisha na 40 ambayo ni 104. Kwa kazi ya kuandika au kuhesabu, lahajedwali. Kama wewe ni mtu wa kukokotoa kwa karatasi na unachanganya kila mara lini uongeze 32, chukua ya arobaini na usiangalie nyuma.

Na kabla ya yote hayo, kitazame kifaa chenyewe. Kipimajoto cha usiku ule bado kiko kwenye droo. Siku mbili baadaye nilisoma karatasi ya maelekezo yake, nikakuta kwamba ukikizima kisha ukabana kitufe kwa sekunde chache, ile herufi F pembeni mwa kioo inageuka C. Nilikibana. Nyuma yake nimebandika kipande cha karatasi: 38 = 100.4, 39 = 102.2, 40 = 104.